Utajuaje upande upi wa nyumba ya shamba ulijengwa kwanza

Umeuliza utajuaje kama ule upande wa jikoni uliongezwa baadaye. Anza nje; ndani plasta huficha mengi. Tafuta mahali kuta mbili zinapokutana bila mawe kupishana, yaani mshono ulionyooka toka chini hadi juu. Hapo karibu kila mara palikuwa kona ya nyumba ya awali. Ukuta uliojengwa kwa mkupuo mmoja, mawe yake hukumbatiana.

Kisha panda darini na tochi. Boriti iliyochongwa kwa shoka ina makovu yasiyolingana. Ya msumeno wa mviringo ina mikwaruzo ya upinde, na hiyo kwa kawaida ni ya karne ya 19 au baadaye. Ukikuta boriti yenye matundu yasiyoshika kitu, usiitumie kukisia umri. Huenda ilitoka jengo jingine (wakulima hawakutupa mbao).

Saruji ya Portland, yaani saruji ya kijivu ya kawaida, ilipata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) mwaka 1824. Kama nyumba ni ya kabla ya hapo, saruji ya kijivu kati ya mawe ni kiraka. Mimi ningeanza kuiondoa hiyo, taratibu kwa patasi, nirudishe chokaa: saruji huziba unyevu ndani na jiwe laini huanza kumeguka.