«U» ya Kirusi na «u» ya Kiserbia si ndugu

Mkuu, umeuliza iweje «u» ya Kirusi iwe "kwa", halafu ya Kiserbia iwe "ndani ya". Ni maneno mawili tofauti, yamefanana sauti ukubwani tu. Mimi yalinitoa jasho.

Kirusi nilijifunzia Voronezh, mji wa Urusi, mwaka wa maandalizi kabla ya chuo. Wenzangu wa Ulaya walihangaika na «u menya yest kniga», mimi nikaona mbona ni "kwangu kuna kitabu". «U nas» ni "kwetu", hata ile kwetu ya kijijini. Utamu wenyewe uko hapa: «kupil u brata» ni "nilinunua kwa kaka", yaani ametoa yeye, nimepokea mimi. Si ndivyo tunavyonunua sukari kwa Mangi? Kwa ya mahali na kwa ya chanzo, neno lile lile.

Na chanzo ndicho kilichotangulia. Zamani hiyo «u» ilimaanisha "kuondoka, mbali na". Jamaa yake ni «au-» ya Kilatini katika «aufero», naondoa. Kirusi bado kinaitunza mwanzoni mwa vitenzi: «uyti» kuondoka, «ubezhat» kutoroka, «uletet» kuruka ukaenda zako. Baadaye ndipo ikatulia ikawa "kando ya, kwa".

Sasa nikafika Belgrade, Serbia, na Kirusi changu kichwani, nikamwambia mama mwenye nyumba nilikuwa «u lekara», kwa daktari. Alicheka mpaka akakaa. Pale kwa daktari ni «kod lekara». «U» yao ya kila siku ni "ndani ya", ile ambayo Mrusi anaitamka «v», ndugu wa «in» ya Kilatini. Kwao v hiyo iligeuka irabu: mjukuu kwa Mrusi ni «vnuk», kwa Mserbia «unuk». Ile «u» ya kale utaikuta zaidi kwenye tenzi zao za zamani.

Poland na Ucheki hakuna shida: «u» ni kwa, ila kumiliki wana kitenzi chao, «mam», «mám», yaani "nina".

Ukraina ndiyo kazi. «U mene ye» ni "kwangu kuna", lakini "ndani ya" nayo hutamkwa «u» au «v» kufuata herufi za jirani, ulimi usikwame. Hapo usiitazame «u», tazama nomino inayofuata inaishiaje: mwisho wake ndio unaokuambia ni "kwa" au "ndani ya".