Je, picha ya ubongo itauonesha ugonjwa wa mwanangu?

SWALI: Kijana wangu ana miaka 22. Tangu msimu uliopita wa korosho anasikia sauti zikimtukana, na anaamini kwamba majirani wanatia sumu katika kisima chetu cha maji ya mvua. Hospitalini wamesema ni skizofrenia, wakamwanzishia dawa bila kumpiga picha ya kichwa. Shemeji zangu wanataka tuuze sehemu ya mikorosho, tumpeleke Dar es Salaam akapigwe MRI, ugonjwa uonekane kwanza ndipo aendelee na dawa. Tufanyeje?
Mama, Newala

JIBU: Mama, pole sana. Msiuze mikorosho kwa ajili ya picha hiyo, wala msisimamishe dawa kwa kuisubiri. Skizofrenia hutambuliwa kwa daktari kumsikiliza mgonjwa, kuwauliza wanaoishi naye na kuangalia dalili zimedumu kwa muda gani. Hakuna picha inayoweza, peke yake, kuthibitisha kwamba mtu fulani anao ugonjwa huu.

Shemeji zako hawakukosea kuutafuta ugonjwa ndani ya ubongo. Mwaka 1976, watafiti Eve Johnstone, Tim Crow na wenzao walitumia CT scan, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, huko London, wakaona kwamba vyumba vya majimaji vilivyomo ndani ya ubongo vilikuwa vikubwa zaidi kwa wagonjwa wa muda mrefu. Utafiti wa MRI wa mwaka 2016, uliolinganisha wagonjwa 2,028 na watu 2,540 wasio na ugonjwa huo, ulionesha pia kwamba hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, ni ndogo kidogo kwa wagonjwa. Picha za PET, zinazofuatilia kemikali za ubongo zikifanya kazi, nazo zimeonesha kwamba wagonjwa wengi hutengeneza dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo, kupita kiasi, na dawa nyingi za ugonjwa huu hufanya kazi kwa kuizuia kemikali hiyo.

Lakini hizo ni tofauti za wastani baina ya makundi. Ubongo wa mgonjwa mmoja mmoja unaweza kuonekana sawa kabisa na wa mtu mzima wa afya, na hapo ndipo ninapowahofia: majibu yakija kwamba picha ni safi, atatokea wa kusema kijana anajisingizia au ana majini, na dawa zitaachwa.

Picha huhitajika pale daktari anaposhuku uvimbe, jeraha au maambukizi ya ubongo. Kwa hiyo mweleze bila kuchelewa ikiwa kijana amewahi kuumia kichwa, anapata degedege, anaumwa kichwa kinachozidi siku hadi siku, au mkono na mguu wa upande mmoja umelegea. Siku ya kliniki, nenda na shemeji mmojawapo, amuulize daktari mwenyewe.