Re: Mikwaruzo kwenye rupia ya Mjerumani

Mkuu, umeuliza kama mistari iliyo mbele ya uso wa Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, kwenye rupia yako ya 1892, sarafu ya fedha ya enzi za Mjerumani, inaishusha daraja la ubora. Kwanza angalia: imezama au imeinuka? Zima taa zote, bakiza moja ya pembeni, shika sarafu kwa ukingo uigeuzegeuze chini ya lenzi ya sonara. Mistari iliyoinuka, ikakomea kwenye herufi bila kuzipanda, ilitoka kiwandani: muhuri wa kugongea sarafu ulisuguliwa, na mikwaruzo yake ikatokea kwenye sarafu kama mistari iliyoinuka. Hiyo haina lawama. Iliyozama na kupita juu ya herufi na shavu kwa uelekeo mmoja ni kazi ya mtu aliyesugua kwa majivu au dawa ya meno, na hapo wanunuzi makini hukimbia hata kama picha bado kali.

Vidonda vidogo vya sarafu kugongana mfukoni husamehewa zaidi, ila si popote. Kwenye mavazi vinajificha. Shavuni au pale palipo wazi vinaonekana mara moja. Usichanganye na kulika kwa matumizi, kunakoanzia sehemu zilizoinuka: shavu, masharubu.

Huku kwetu Mikindani na Lindi kagua ukingo pia. Rupia nyingi zilifanywa vidani, na alama ya risasi ya kulehemu au tundu lililozibwa ni mbaya kuliko mikwaruzo yote uliyotaja. Uzito upime: gramu 11.66 ikiwa haijalika.

Na usiisafishe kwa limau. Weusi wa fedha iliyozeeka uache.