Pazia la kijani na mabega yanayopotea

Ndugu, umesema mtangazaji wenu hapo Kisumu anaonekana na ukijani kwenye nywele, na mabega yake yanamezwa na picha ya ziwa, ile ambayo programu ya kompyuta inaiweka nyuma yake mahali pa kijani cha pazia. Kabla ya kulaumu kamera, msogezeni mbele. Akisimama mita 2 hivi kutoka kwenye pazia, ule mwanga wa kijani unaorudi kutoka kitambaani haumfikii sana. Halafu kipigeni pasi hicho kitambaa mlichonunua soko la Kibuye! Kila mkunjo unaleta kivuli, na programu huona kivuli kama rangi nyingine. Pazia liwe na taa zake lenyewe, moja kushoto, moja kulia, mwanga ulingane juu hadi chini.

Mabega nashuku ni nguo. Kijani hupendwa kwa sababu ngozi ya mtu haina kijani kingi, na kamera nyingi za dijitali zina chembe za kupokea kijani mara 2 ya zile za nyekundu au za buluu. Lakini jezi ya kijani ya timu ya Gor Mahia? Kichwa kitaelea peke yake juu ya Ziwa Victoria. Siku ya mechi tundikeni pazia la buluu, na shabiki wa timu ya AFC Leopards, mwenye jezi ya buluu, mpeni kazi ya kushika kamera.