Vipimo vya jaketi la ngozi: pimwa ukiwa umekaa kwenye pikipiki

Mkuu, umeuliza upime wapi na wapi ili umtumie fundi wa mbali vipimo vya jaketi la ngozi la kuendeshea pikipiki. Mimi nakaa Ngamiani, Tanga, na kila wiki napanda Lushoto na pikipiki kufuata mboga. Watu hushangaa ngozi na joto letu hili, lakini mjini nalifunga nyuma ya siti. Nalivaa Mombo kabla ya kuanza mlima, maana Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari na mwezi wa saba baridi yake si ya mchezo.

Jaketi langu la kwanza liliniuma sana. Fundi alinipima nimesimama wima, mikono imening'inia, kama anapima shati. Mbele ya kioo lilinikaa vizuri. Nilipopanda pikipiki na kushika usukani, mikono ilipanda vidole vinne juu ya kifundo, mgongo ukabana, kiuno kikabaki wazi. Nikamrudishia aachie kidogo mgongoni. Akafumua, na hapo ndipo nilipojifunza kuwa ngozi si kitambaa: sindano ikishapita, tundu halizibi. Mstari wa matundu ya mshono wa zamani upo mgongoni mpaka leo.

Kwa hiyo usijipime mwenyewe, tafuta mtu. Vaa nguo utakayovaa ndani, kama ni sweta basi sweta. Futi ya fundi ina inchi 60 upande mmoja na sentimeta 150 upande wa pili, chagua upande mmoja usiuache. Kama ni ya zamani, ilaze kwanza kwenye rula, huwa zinavutika.

Kifua kipimwe chini ya makwapa, pale palipojaa, futi isiteremke mgongoni. Pumua kawaida. Andika kabisa "hiki ni kipimo cha mwili", kisha fundi ndiye aongeze inchi 3 au 4 za nafasi, kwa sababu bitana nayo inakula. Ukiongeza wewe na yeye akaongeza, utaletewa gunia. Kiuno, nyonga na shingo ni kama nguo nyingine.

Mgongo na mikono ndiyo kazi yenyewe. Pimwa bega hadi bega umesimama, halafu kaa kwenye pikipiki, shika usukani, mpimaji apime tena upana wa mgongo toka mkunjo wa kwapa hadi mkunjo wa kwapa. Apime upana huo ukiwa umesimama pia, ujue tofauti. Mimi nilipata 17 nimesimama na 19 nimekaa. Inchi hizo 2 zisipopata pa kukaa, ndizo zinazobana. Fundi wangu wa pili aliziweka kwenye mikunjo miwili nyuma ya mabega, na chini ya mkono akatia kikwapa, kile kipande cha ziada cha kwapani, kama cha kanzu. Nikiinua mkono sasa, jaketi zima halifuati.

Mkono uanzie mfupa wa bega, upite nje ya kiwiko kilichokunjwa, hadi mfupa wa kifundo. Ongeza nusu inchi, na hapa mwambie umeongeza, kwa sababu ngozi ikishazoea kiwiko hujikunja na mkono hupanda. Zunguka pia msuli wa juu ya kiwiko ukiwa umeukaza. Urefu wa nyuma uanzie mfupa unaochomoza chini ya shingo, nao upimwe umekaa.

Kabla ngozi haijaguswa na mkasi, muombe akushonee kwanza jaketi la majaribio la amerikani, kile kitambaa cha pamba cha bei rahisi, bila bitana wala zipu, akutumie kwa basi. Livae, panda pikipiki, weka alama kwa chaki panapobana, mrudishie. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na ngozi iliyokwisha katwa vibaya. Pamoja nalo mtumie picha yako ya ubavuni umeshika usukani, aone mabega yako yanavyoinama.