Wageni wa sikukuu, mbwa mlafi na paka aliyenuna

Swali: Daktari, habari za kazi. Nina mbwa wa kilo 12 na paka dume aliyehasiwa. Sikukuu iliyopita nyumba ilijaa wageni. Mbwa alikula mifupa na makombo akatapika usiku kucha. Paka naye alijichimbia chini ya kitanda siku mbili bila kula. Safari hii wageni watakaa siku nne. Nifanye nini mbwa asiumwe tena? Paka hanipi wasiwasi, akimaliza kununa hutoka mwenyewe.

Jibu: Pole kwa usiku ule. Ila niruhusu nianze na huyo asiyekupa wasiwasi, maana ndiye anayenitisha mimi.

Paka asiyekula siku mbili usimwite mwenye kununa. Mwili wake ukikosa chakula huyavuta mafuta ya akiba na kuyapeleka kwenye ini, na ini la paka haliyamudu. Hurundikana humo mpaka lenyewe linashindwa kazi. Paka wanene ndio walio hatarini zaidi. Mimi hutumia saa 24: zikipita hajagusa chakula, mpigie daktari.

La pili ni udume wake. Vurugu na hofu huweza kumletea paka uvimbe wa kibofu, na mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba, huziba upesi. Utamwona anaingia na kutoka kwenye sanduku la mchanga, anachuchumaa, anajikamua, pengine analia, na mchanga unabaki mkavu. Wengi hudhani amefunga choo. Hapo usingoje kupambazuke: mkojo ukiziba kabisa, potasiamu hupanda kwenye damu na moyo unaweza kusimama.

Kwa hiyo mtengee chumba, na umzoeze siku mbili kabla ya wageni kufika. Weka maji, chakula, sanduku la mchanga mbali na chakula, na boksi lililolazwa ubavu ili ajifiche kwa raha zake. Mlango ufungwe kwa ufunguo. Kuwakataza watoto tu hakujawahi kutosha. Safisha mchanga asubuhi na jioni huku ukihesabu mabonge ya mkojo. Ukikuta mabonge machache au madogo kuliko kawaida yake, umeonywa mapema.

Sasa mbwa. Mpe chakula chake kilekile, saa zilezile, na ashibe kabla meza haijaandaliwa. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo. Mafuta na ngozi ya nyama huweza kumletea ugonjwa wa kongosho, na huenda ndio uliomtapisha, ingawa siwezi kuapa bila kumpima. Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu, na dalili hukawia siku kadhaa, wageni wakiwa wameshaondoka. Zabibu kavu huweza kuua figo. Chokoleti, kadiri ilivyo nyeusi ndivyo ilivyo mbaya.

Kinachosahaulika ni mkoba wa mgeni ulioachwa sakafuni. Baadhi ya chingamu na pipi zisizo na sukari zina zailitoli, kitia utamu ambacho huweza kushusha sukari ya damu ya mbwa ndani ya nusu saa tu. Mikoba yote iwekwe juu ya kabati. Dawa za maumivu nazo ziwe huko juu: paracetamol, hata kidonge kimoja, inaweza kumuua paka.

Akila kitu kibaya, usimnyweshe chumvi ili atapike, chumvi yenyewe ni sumu. Beba karatasi ya kile alichokila, twende tukahesabu kiasi kulingana na zile kilo zake 12.

Na kabla ya sikukuu piga simu kliniki uulize nani yuko zamu usiku. Namba ibandike kwenye friji, kwa sababu atakayekuwa nyumbani paka akianza kujikamua huenda asiwe wewe.