Nankhatai za Saa Kumi: Nilivyojifunza Kuisubiri Samli

Wiki iliyopita msomaji mmoja alinitumia ujumbe kuhusu nankhatai, zile biskuti za samli na iliki, ulionichekesha kwanza, kisha ukaninyamazisha. Aliandika: "Dada, nimeoka nankhatai mara tatu. Za kwanza zilitandaa zikashikana zikawa mkate mmoja, za pili ziliwashinda hata watoto kutafuna, na hizi za leo sitaki kuzieleza. Nakosea wapi?" Nilicheka kwa kuwa nimepita njia hiyo hiyo. Nilichonyamazia ni kumbukumbu ya alasiri moja ya mwaka 2014, ambayo hadi leo sijaisamehe kikamilifu.

Nilikuwa nimeolewa miezi minne tu. Shangazi wa mume wangu alikuja kutoka Tanga, nami nikataka chai ya saa kumi siku hiyo iwe ya kutajwa: chai ya maziwa yenye tangawizi na mdalasini, na sahani ya nankhatai nilizozioka kwa mkono wangu. Nyumba nzima ilinukia iliki, nami nikaamini kuwa harufu hiyo ni ushahidi wa kutosha. Wifi yangu mkubwa alichukua biskuti moja, akaitazama, akaigonga mara tatu juu ya meza kama mtu aliyefika mlangoni, akasema, "Hodi wenyewe!" Sebule nzima iliangua kicheko. Mama mkwe, Mungu amlipe, aliichovya ya kwake ndani ya chai, akaiacha humo kitambo, akaila yote bila neno. Nilikwenda jikoni kuchukua sukari ambayo haikuhitajika na nikakaa huko hadi chai ikaisha.

Miaka miwili iliyofuata haina cha kusimulia, kwa sababu nilinunua biskuti za dukani. Nililaumu oveni, nikalaumu unga, nikalaumu hata umeme wa Dar es Salaam, na kila mgeni alipokuja nilifungua pakiti kimyakimya.

Aliyenitoa huko ni mama yangu mdogo, ambaye hajawahi kumiliki oveni. Yeye huoka kwa jiko la mkaa: huweka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, juu ya mchanga huweka sahani ya bati yenye biskuti, hufunika, kisha hupalia makaa juu ya mfuniko ili moto uje kutoka pande zote mbili. Nilipokuwa kwake nilijitolea kumsaidia, na jambo la kwanza nililofanya ni kuichukua samli iliyoganda na kuiweka motoni iyeyuke. Aliniangalia akauliza, "Una haraka ya kwenda wapi, mwanangu?"

Swali hilo ndilo jibu ninalompa msomaji wangu, na ningependa kila mwanamke na kila mwanamume mwenye hamu ya kusifiwa kwa mkono wake, na najua sote tunayo, alitafakari. Nankhatai haiumuliwi kwa hamira, haina mayai, na wengi huikanda bila hata tone la maziwa. Wepesi wake unategemea hewa inayoingia pale samli iliyoganda inapopigwa na sukari. Samli iliyoyeyuka haiwezi kuishika hewa hiyo. Tena, ikiingia motoni tayari ni maji, biskuti hutandaa kabla unga haujapata nafasi ya kushikamana. Hapo ndipo mkate mmoja wa msomaji wangu ulipozaliwa.

Kipimo changu ni hiki. Chukua gramu 200 za samli iliyoganda lakini laini kiasi cha kubonyea kwa kidole, na gramu 150 za sukari iliyosagwa ikawa unga. Zipige pamoja kwa mwiko kwa muda wa dakika kumi, hadi mchanganyiko uwe mweupe na mwepesi kama krimu. Dakika kumi ni nyingi mkono unapouma, nami nakiri kwamba zamani nilikuwa naishia mbili. Kisha chekechea humo gramu 300 za unga wa ngano pamoja na nusu kijiko cha chai cha bekingi pauda na chumvi kidogo, utie kijiko kimoja cha chai cha iliki uliyoitwanga wakati huo huo, kwa sababu iliki ya kusagwa iliyokaa kabatini tangu Ramadhani iliyopita haina tena cha kukupa.

Baada ya hapo usikande kama unayekanda chapati. Kosa langu la mwaka 2014 lilikuwa hili: sikuwa na samli ya kutosha, nikajazia kwa maji, kisha nikakanda kwa nguvu zangu zote. Unga wa ngano ukipata maji na kukandwa hutengeneza nyuzi zinazovutika, ambazo ni neema katika chapati na ni balaa katika biskuti. Ndiyo maana samli huishinda siagi hapa, kwani siagi ya kawaida huwa na maji kiasi cha asilimia 16, na samli ni mafuta matupu. Kusanya unga kwa vidole hadi ushikane tu, ukiona unamong'onyoka ongeza samli nusu kijiko, kisha ufunike na uuache mahali pa baridi kwa nusu saa. Katika joto la pwani nusu hiyo ya saa si hiari.

Fanya viduara vya ukubwa wa ndimu ndogo, vibonyeze kidogo katikati, viachanishe kwa nafasi ya vidole viwili. Utapata takriban 30. Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi 160 kabla trei haijaingia. Zioke kwa dakika 18 hadi 20, na zitoe zikiwa zimepasuka kidogo juu, zimeanza rangi ya dhahabu chini, na bado ni laini zikiguswa. Hapa ndipo wengi wanapoponzwa na woga. Wanaona ulaini, wanadhani ni mbichi, wanazirudisha. Nankhatai hukauka inapopoa, nje ya moto, kwa hiyo inayotoka motoni ikiwa imekauka itakuwa jiwe ifikapo mezani. Ziache palepale kwenye trei robo saa, usizishike, wala usimpe mtoto anayelia.

Naomba niseme jambo moja zaidi, hata kama nitaonekana nahubiri. Biskuti hii ililetwa kwetu kutoka Gujarat, nchini India, na asili yake hutajwa kuwa mji wa Surat. Imekaa pwani hadi imekuwa yetu kwa sababu watu walikuwa na desturi ya kukaa kitako saa kumi na kunywa chai. Siku hizi tunaoka kwa ajili ya picha na kunywa chai tukiwa wima, simu ikiwa mkono wa pili. Mimi nimejiwekea sharti: siku ninayooka, simu hulala chumbani, chai humiminwa kwenye vikombe vya wageni hata kama mgeni ni mimi peke yangu, na mtu asiniite hadi kikombe kitakapokwisha. Watoto wangu walinuna wiki ya kwanza. Sasa wao ndio wanaonikumbusha saa.

Zilizobaki hukaa kwenye kopo lenye mfuniko unaobana kwa wiki mbili, zikiwa zimepoa kabisa kabla ya kufungiwa, vinginevyo mvuke utazilainisha. Kwangu hazijawahi kufikisha wiki. Idi iliyopita wifi yangu mkubwa, yule yule, alimtuma mwanawe aje na kopo, na salamu kwamba angependa "zile biskuti zako". Nililijaza hadi juu. Lilirudi baada ya siku tatu likiwa tupu, ingawa yeye kama mimi amelelewa kujua kwamba chombo cha watu hakirudishwi kitupu.